Gunia Lisikauke

Misheni, mlimani Meru
Jumapili, 12 Oktoba 1913

Kwa dada yangu mpendwa Eunike, mke wa Lesikar, huko Kisongo.

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Lesikar na binti yetu Nosim, pamoja na ng'ombe na mbuzi na hata yule punda wenu mkorofi aliyenipiga teke mwezi wa pili. Sisi huku tunapumua. Mama yupo, goti tu ndilo linalomsumbua asubuhi. Yeye anasema ni baridi, mimi nasema ni ubishi, kwa maana kila nikimwambia asiteremke kwenye migomba ya bondeni ndipo anapoteremka. Kahawa imeiva vizuri mwaka huu. Mvua za vuli zimeanza kunyemelea, na tangu juzi ukungu umekaa juu yetu toka asubuhi mpaka jioni.

Barua yako niliipata Ijumaa nikaisoma mara tatu. Nitakujibu yote. Lakini kwanza, Lomayani aliyekukabidhi karatasi hii amekuja pia na sanduku lenye miguu minne, limevikwa magunia. Tafadhali usiliingize ndani ya nyumba. Lisimamishe nje, kivulini, mahali upepo unapopita. Jaza maji lile karai la juu, umwagie magunia pande zote mpaka yachuruzike, ndipo urudi uendelee kusoma. Nenda dada, mimi nipo, siendi popote.

Haya. Umeniandikia kwamba ndui imevuka korongo na imeingia maboma mawili ya jirani. Umeniandikia kwamba Saruni, mtoto wa Nanyori, amefariki, naye alichanjwa siku moja na Nosim, uani kwenu, mbele ya macho yako. Unasema mkono wa Nosim uko laini kama hajawahi kuguswa, na kwamba Lesikar ameapa mbele ya wenzake wa rika kuwa Nathanaeli mchanjaji hatatia tena mguu langoni kwake, kwa sababu aliwachanja watoto kwa maji matupu. Unaniomba nitafute mchanjaji mwingine, yeyote, hata awe mlevi, mradi asiwe Nathanaeli.

Dada, mwingine hayupo. Wachanjaji wawili waliobaki wamepelekwa upande wa Kikatiti, na wengine wako Moshi. Atakayekuja ni Nathanaeli, naye atafika kwenu Alhamisi kabla ya saa sita. Dawa atakayotumia ndiyo hiyo iliyo ndani ya sanduku, mirija thelathini ya kioo, imelala juu ya pamba. Anasema hata mtoto aliyekaa karibu na mgonjwa, akichanjwa mapema, anaweza kuokoka. Akichelewa, basi. Kwa hiyo ninachotaka kwako ni vitu viwili tu: dawa hiyo iwe baridi mpaka Alhamisi, na lango liwe wazi siku hiyo. La kwanza nitakufundisha sasa hivi. La pili ni gumu zaidi, nitalifikia.

Utakuwa na sanduku hilo siku mbili bila mimi, na ukielewa kazi yake hutalikosea. Usiseme umeshaelewa. Hata mimi nilisema hivyo.

Unakumbuka tulipokuwa watoto tukioga mto Usa? Mle majini tulikuwa hatuoni baridi sana. Ila tukishatoka, tukasimama ukingoni upepo ukatupiga, meno yaligongana mpaka wewe ulikuwa unalia. Mama alisema ni upepo wa barafu kutoka mlimani. Sivyo. Upepo ule ule ulimpiga mama aliyekuwa mkavu, wala hakutetemeka. Bibi Klara, yule mwuguzi wa Kijerumani wa hapa misheni, ndiye aliyenieleza: ni yale maji ya mwilini yanayokauka, na maji yakikauka hayaondoki mikono mitupu, huchukua joto la pale yalipokuwa. Mtungi wa udongo unaotoka jasho ni habari hiyo hiyo, jasho linakauka nje na maji ya ndani yanapoa. Sanduku hilo nalo ndivyo lilivyo, isipokuwa kinachotoka jasho ni gunia.

Tazama vile vitambaa vinavyoning'inia kutoka kwenye karai. Vinanyonya maji kidogo kidogo na kuyashusha kwenye gunia, kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Karai likiisha maji vitambaa vinakauka, gunia linakauka, na joto linaingia. Kwa hiyo karai lisiishe. Miguu ya sanduku isimame ndani ya makopo manne niliyompa Lomayani, nayo yawe na maji ili siafu wasipande. Kisha maji ya kisima chenu yana magadi. Nimeyanywa, nayajua. Yakikauka yataacha unga mweupe kwenye gunia na kuziba matundu yake, hata upepo usipite. Kila asubuhi chukua gunzi la mahindi ulisugue gunia mpaka unga utoke. Ukipata maji ya mvua ni bora zaidi, ila najua huko kwenu mvua ya mwisho mliiona lini.

Nawe usione vibaya kwamba ni pakavu, maana ukavu huo ndio dawa yetu safari hii. Watu wengi wanadhani maji na upepo vinatosha. Havitoshi. Hewa yenyewe iwe kavu, iwe na kiu ya kunywa yale maji. Bibi Klara ana kioo chembamba chenye zebaki cha kupimia joto. Mwezi wa pili, nilipokuja kwenu, Nathanaeli alikuwa amekichukua, tukapima nacho adhuhuri kivulini: nje thelathini na moja, ndani ya sanduku ishirini na moja. Lesikar mwenyewe alitia mkono ndani akasema ni kama pua ya ndama. Mwezi wa nne, katikati ya masika, tulilipima sanduku hilo hilo hapa mlimani. Nje kumi na tisa, ndani kumi na nane, na gunia likaota ukungu wa kijani. Hewa ya huku siku hizo imeshakunywa imeshiba, haina haja na maji ya gunia. Rafiki yake Bibi aliye Tanga alitengeneza la kwake kwa mchoro wa sanduku hili hili, siagi ikamgeukia mafuta. Kule pwani hewa ni nyevu mwaka mzima, jasho la mtu lenyewe halikauki.

Ndiyo sababu Bibi Klara ameamua dawa isikae huku kwenye ukungu, na pia isizunguke juani mfukoni mwa Nathanaeli. Yeye anapita kwanza maboma ya kuzunguka mto Themi na mirija michache, kisha anakuja kwenu kuchukua iliyobaki kwa ajili ya upande wote wa magharibi. Uani kwako, chini ya ule mgunga, upepo unaanza saa tatu na hautulii mpaka jua lishuke. Hakuna mahali bora upande huu wa mlima. Umekuwa ghala la dawa dada yangu, na hujaulizwa.

Jambo moja zaidi nalo ni kubwa kuliko yote. Usilifunike. Usilitupie blanketi wala ngozi ya ng'ombe, wala usilisogeze ukutani lijikinge na vumbi. Najua mkono wako utawasha. Wewe ni binti wa mama yetu kama mimi nilivyo mwanawe, tumelelewa na mama mmoja aliyekuwa akipiga kelele kutwa nzima tufunge mlango baridi isiingie. Acha upepo ulipige. Vumbi halina neno.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kalamu yangu inapokuwa nzito.

Dawa hii ya kuchanjia hutolewa kwenye ngozi ya ndama. Mwambie Lesikar, nadhani hilo litampendeza. Ni kitu kilicho hai. Ikipata joto hufa, na ikifa haibadiliki rangi wala haitoi harufu. Mrija ulio hai na mrija uliokufa ukiiweka pamoja kiganjani huwezi kuitofautisha, Nathanaeli hawezi, Bibi hawezi. Mkono wa mtoto ndio unaosema. Ukivimba siku ya nne au ya tano na kufanya kidonda, dawa ilikuwa hai. Ukibaki laini, mtoto hakuchanjwa, alikwaruzwa tu.

Sanduku hilo nililitengeneza mwezi wa kwanza. Bibi Klara aliniletea karatasi yenye mchoro, akanieleza kwa Kiswahili chake kile cha kutafuta maneno. Nikatumia mbao za mringaringa, siku tisa. Kiunzi kizuri, pembe zimebana bila msumari. Lakini mchoro ulitaka pande zote nne ziwe wazi, waya tu na gunia juu yake, na chini matundu. Nilifanya kama nilivyoambiwa. Nilipolitoa nje, mzee wa kanisa Elirehema akalizunguka mara mbili, akaniuliza mbele ya mafundi wenzangu kama mbao zimeniishia. Wakacheka wote. Mmoja akasema hata ngedere angetengeneza sanduku linalofungika. Dada, unanijua. Naweza kuvumilia njaa, kuchekwa kwa kazi yangu siwezi.

Dawa ilifika mwezi wa pili, kwa garimoshi toka Tanga mpaka Moshi, na toka Moshi kwa tarishi. Bibi aliipanga mwenyewe ndani ya sanduku barazani, akaniachia kazi ya kujaza maji, kisha akaenda Moshi siku kumi kwenye kazi za misheni. Siku ya kwanza nilijaza maji. Siku ya pili upepo ulivuma sana, vumbi na majani vikashika kwenye gunia, kuku wakapanda juu ya karai. Nilisimama nikalitazama sanduku langu nikaona aibu. Tena nikafikiri kama mwenye akili kumbe mjinga: ubaridi umo ndani, nimeugusa kwa mkono, halafu mimi fundi ninauacha utoke kwa pande nne. Kama baridi inaingia mlango ukiwa wazi, basi mlango ukifungwa baridi iliyomo itabaki. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Na nyumba ya Kimeru isiyopitisha kitu, nani asiyejua kuijenga?

Nililibeba nikalitia stoo. Nikachanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe na majivu, kama tulivyokuwa tukimsaidia mama, nikakandika pande zote nne kwa ndani na kuziba matundu ya chini. Gunia nililimwagia maji vizuri kabisa, hilo sikuacha hata siku moja. Nilijisifu. Nilimwita Elirehema aje aone, akasema sasa ndiyo sanduku.

Siku ya nane Nathanaeli alikuja kuchukua dawa ya kuwapelekea ninyi, nami nilikuwa nimepewa ruhusa ya kufuatana naye ili nikuone. Nilitangulia stoo peke yangu kufungua. Hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya uvuguvugu, ile ya chumba ambamo pombe ya mbege inachachuka. Nikashika mrija mmoja. Ulikuwa na joto la yai lililotagwa sasa hivi.

Nilijua, dada. Sikuwa nimefundishwa habari za kukauka kwa maji kama nilivyokueleza hapo juu, hayo Bibi alinifafanulia baadaye. Lakini alituambia wazi, mimi na Nathanaeli, kwamba dawa ikipata joto inakufa. Nilisimama pale na mrija mkononi, nikamsikia Nathanaeli barazani akiniita kwa utani, ananiuliza kama nimelala. Nikachukua patasi nikabandua udongo wote haraka haraka, nikauzoa kwa gunia bovu nikautupa nyuma ya stoo. Nikamwaga maji mengi. Nilipolitoa nje lilikuwa limelowa na lina upepo, na tulipofika Themi mirija ilikuwa imekuwa baridi. Nathanaeli aliigusa akasifu kazi yangu. Nilimshukuru.

Nilikuwa na njia nzima ya kusema. Toka hapa mpaka Themi, toka Themi mpaka kwenu, siku moja na nusu. Nilijiambia labda haijafa yote. Nilijiambia labda joto lile lilikuwa dogo. Tulipofika mlitupokea kwa maziwa na nyama, watoto ishirini na saba wakapangwa uani, na Nosim akakataa kwenda kwa mtu yeyote isipokuwa mjomba wake.

Mimi ndiye niliyempakata. Unakumbuka, ulikuwa unacheka. Nilimshika mkono usitikisike, Nathanaeli akamkwaruza, wala hakulia, alikuwa ananivuta ndevu. Aliyefuata alikuwa Saruni, mtoto wa Nanyori, naye alimwona Nosim halii akanyoosha mkono mwenyewe. Nilimwambia ni hodari. Ishirini na saba, mmoja baada ya mwingine, kwa dawa niliyoiua mimi, na aliyejua hivyo uani pale nilikuwa mimi peke yangu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Nathanaeli alirudi siku ya nane kutazama mikono, mikono yote laini, Lesikar akamtoa kwa fimbo. Maneno yakasambaa mpaka misheni kwamba alitia maji matupu, wengine wakasema aliacha mirija juani akaenda kunywa pombe. Bibi Klara aliposikia hayo aliniita akaniuliza kama sanduku lilifanya kazi. Nikamwambia lilifanya kazi vizuri. Akaniuliza kama lilikaa barazani siku zote. Nikasema ndiyo. Kwa maneno hayo mawili, Nathanaeli akaondolewa kwenye kazi ya kuchanja akapelekwa kupasua mbao, na mbao anazopasua mimi ndiye ninayezipiga randa. Miezi saba ananiletea mbao, ananisalimu, nami naitikia.

Bibi alisema wakati ule kwamba ataagiza dawa nyingine. Masika ikaziba njia, kisha dawa ikapungua huko pwani, na ndui ilikuwa mbali. Nikaombea ibaki huko huko mbali. Hayo ndiyo yalikuwa maombi yangu kanisani tangu masika mpaka Ijumaa.

Ijumaa barua yako ikaja yenye jina la Saruni.

Nilikwenda kwa Nathanaeli pale pale mchana, alikuwa shimoni anakokota msumeno. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia wewe, nimesimama juu yeye yuko chini, vumbi la mbao limemjaa nyusi. Nilitazamia anipige. Badala yake aliniuliza kama ile dawa mpya aliyoipokea Bibi Jumatano imewekwa kwenye sanduku lile lile. Nikasema ndiyo, lipo barazani. Akaniuliza kama gunia limelowa. Nikasema limelowa. Akatoka shimoni akaenda kulishika mwenyewe, kwa sababu neno langu hana tena haja nalo. Kisha akaenda kunawa, akaanza kutayarisha sindano zake.

Bibi Klara hakunifokea. Alitoa ile karatasi ya majina ya mwezi wa pili akaniambia nisome kwa sauti, watoto wote ishirini na saba. Nilipofika kwa Saruni alinizuia, akaniambia nirudie. Leo asubuhi nimesimama kanisani mbele ya watu wote nikasema. Elirehema aliinamisha kichwa. Mama alikuwa benchi la tatu. Nilikuandikia hapo juu kwamba mama yupo, ndivyo, yupo, ila hajasema neno nami toka tulipotoka kanisani. Amenipa chakula, akageuka.

Sasa nimefika kwenye ombi langu la pili. Kaa na Lesikar leo hii jioni wakati ng'ombe wamerudi, umsomee barua hii toka mwanzo mpaka mwisho. Mtafsirie kwa Kimaa, usiruke kitu na usinilainishie maneno kwa sababu mimi ni ndugu yako. Mtu aliyetolewa kwa fimbo hakuwa na kosa. Nathanaeli alichanja kama alivyofundishwa, kwa kile alichopewa. Kama Lesikar anataka kutunza kiapo chake, mwambie kiapo kile kilitaja jina lisilohusika, aweke langu. Naye ni mtu wa haki, nimemwona akigawa nyama. Ila asipofungua lango Alhamisi, dawa hai itakuwa imesimama uani kwake chini ya mgunga, na Nosim atabaki na mkono ule ule laini. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, mengine yangu nimeshayakubali.

Mimi nakuja pamoja na Nathanaeli. Nitambebea mzigo. Nikifika sitaingia. Nitakaa nje ya ua wa miba mpaka kazi iishe, hata jua likiwaka. Baada ya hapo nitakwenda kwa Nanyori na mume wake, nitawaambia mimi mwenyewe, wasisikie kwa mtu. Najua kwenu wazee hukaa kikao kwa jambo kama hilo. Wakikaa, nitakaa mbele yao nisikilize, na watakaloamua nitalifuata. Usimwombe Lesikar anitetee. Usinitetee wewe pia.

Maboma mengine waambie walete watoto uani kwako Alhamisi, wale ishirini na sita waliobaki na wengine wote, hata watu wazima. Asiyeamini mwoneshe sanduku, mwache atie mkono ndani kidogo asikie, kisha ufunge haraka. Na mpaka siku hiyo Nosim asitoke nje ya boma lenu, asiende matangani, asilale kwa bibi yake.

Nisalimie Lesikar, kama ataipokea salamu yangu. Nisalimie mama mkwe wako na majirani. Mpe Lomayani maziwa, ni mwema, ameniahidi kulowesha gunia kila atakapokuta kijito. Mwambie Nosim mjomba anakuja, lakini safari hii hatampakata. Naomba apakatwe na baba yake.

Ni mimi mdogo wako,
Sadoki, fundi seremala

Nimeongeza haya baada ya kutia jina. Barua ni ndefu na wewe unasoma pole pole. Huko kwenu, kwa upepo ule, ukifika hapa gunia litakuwa limeanza kukauka upande wa juu. Iweke karatasi chini, dada, ukamwage maji.